Macho ya Manjano na Asali ya Yonathani

Somo: 1 Samweli 14:24-45



Mfalme Sauli aliwaapisha watu wa vita wasile kitu mpaka jioni. Yonathani mwanawe hakusikia kiapo kile. Alichovya fimbo yake katika asali ya porini, akaonja, na Maandiko yanatujulisha kwamba macho yake yakapata nuru. Baadaye wakapiga kura kumtafuta mkosaji, kura ikamwangukia yeye. Baba yake alikuwa tayari kumwua, lakini watu walimwokoa. Tumesoma neno hili miaka mingi, na kila mara tulisimama kwenye kiapo. Habari ya macho tuliipita tu.

Sisi mashemasi tuna jambo la kuungama mbele ya kanisa. Yuko kijana kati yetu, mwimbaji, ambaye kila tukifunga siku tatu macho yake hugeuka manjano siku ya pili. Tuliona ni ishara ya dhambi iliyofichwa. Tukamwambia aungame, naye akaungama, hata na yale ambayo sasa tunajua hakuyatenda. Tukamwongezea siku nne za kufunga. Macho yakazidi. Ndipo wazee wakakumbuka kwamba mjomba wake naye alikuwa hivyo, na neno la laana ya ukoo likaanza kutembea. Upande wa baba ukashitaki upande wa mama. Wazazi wa mchumba wake wakasema mambo ya ndoa yangoje kwanza.

Mama mmoja wa kwaya, muuguzi, ndiye aliyetuzuia kama wale watu walivyomzuia Sauli. Alimshika kijana mkono akampeleka hospitali. Damu ikapimwa zaidi ya mara moja. Malaria hakuna, hepatiti hakuna, ini ni zima. Kilichozidi ni kitu kimoja tu, kinachoitwa bilirubini. Daktari akasema hii ni hali ya Gilbert, kwa jina la daktari wa Ufaransa aliyeieleza mwaka 1901.

Tulikwenda wenyewe tukaelezwa. Chembe nyekundu za damu huishi siku 120 hivi, kisha huvunjika na kuacha rangi ya manjano. Ini huigeuza rangi hiyo ipate kutoka pamoja na nyongo. Kwa mwenye hali ya Gilbert, kile kinachofanya kazi hiyo ndani ya ini kina nguvu ya karibu theluthi moja tu. Siku za kawaida inatosha. Lakini akikaa na njaa, akikosa maji au usingizi, akipata homa, akifanya kazi nzito kupita kiasi, rangi hubaki katika damu na kuonekana machoni. Akila na kupumzika, hupungua. Haiambukizi kwa sahani wala kwa kitanda. Haiharibu ini, wala haihitaji dawa. Zamani madaktari wenyewe waliitumia njaa kuwa kipimo: walimpunguzia mtu chakula siku mbili, wakaangalia rangi ikipanda. Sisi tulifanya kipimo hicho hicho kwa siku saba, bila kujua, tukasoma jibu vibaya.

Na ile kesi ya koo mbili? Mara nyingi hali hii humpata mtu aliyeipokea kwa baba na kwa mama pia. Hakuna upande wa kushitaki. Ni urithi kama urefu wa mwili au umbo la pua. Wanafunzi walimwuliza Bwana habari ya yule aliyezaliwa kipofu, kama alitenda dhambi yeye au wazazi wake, naye Bwana akakataa yote mawili (Yohana 9). Tulilihubiri neno hilo mwaka huu huu!

Lakini asijidanganye mtu kwamba kila macho ya manjano ni haya. Malaria kali huleta manjano, na hepatiti, na homa ya manjano, na ugonjwa wa damu wa kurithi unaowatesa watoto wetu. Mkojo ukiwa mweusi kama chai, choo kikiwa cheupe, kukiwa na homa au maumivu ya tumbo, au mgonjwa akiwa mtoto mchanga, aende hospitali siku ile ile. Tutaomba tukiwa njiani. Na anayejua ana hali ya Gilbert amwambie daktari, maana dawa chache, kama moja ya dawa za kansa, hupita njia ile ile ndani ya ini.

Siku ya posho iliyopita tulimwendea kijana nyumbani kwao, tukapiga magoti mbele yake na mbele ya mama yake. Mama hakusema mengi. Alileta bukari na sombe, tukanawa mikono, tukala pamoja naye sahani moja. Katika mfungo unaokuja atakunywa uji asubuhi na mchana, naye ataimba mahali pake. Mwenye neno juu ya hilo alete kwetu, asimpelekee yeye.

Juma lijalo tunakwenda kwa wazazi wa mchumba wake. Mama wa kwaya ndiye atakayesema. Sisi tutajibu tukiulizwa.