Kidonge Kilichosahaulika na Suala la Dhamira Rungwe

Mwanamke anayetumia vidonge vya majira akisahau kumeza hukabiliwa na maswali mawili, moja la tiba na jingine la dhamira. La tiba lina jibu linalojulikana. Pakiti ya kawaida ina vidonge 28: 21 vyenye homoni na 7 vya rangi ya kahawia ambavyo ni madini ya chuma tu, na kusahau hivi vya mwisho hakuna madhara. Aliyeruka kimoja chenye homoni hukimeza mara anapokumbuka, hata ikibidi ameze viwili siku hiyo. Aliyeruka viwili au zaidi humeza kimoja papo hapo, huendelea na pakiti, na kwa siku 7 hutumia kondomu au hujizuia. Ikiwa ni wiki ya 3, vyenye homoni vikiisha, vya kahawia huachwa na pakiti mpya huanzwa mara moja. Ikiwa ni wiki ya kwanza na tendo limekwisha kufanyika, mhudumu wa zahanati au wa Hospitali ya Makandana mjini Tukuyu anaweza kushauri kidonge cha dharura, ambacho wengi hukiita P2, kimezwe mapema iwezekanavyo.

Swali la dhamira ni gumu zaidi, na wilayani Rungwe lina historia ndefu kuliko kidonge chenyewe. Mwanaanthropolojia Monica Wilson, aliyeishi miaka ya 1930 miongoni mwa Wanyakyusa, wenyeji wa Rungwe, aliandika kuwa mama hakutarajiwa kuendelea kuzaa mkwewe anapofikia umri wa kuzaa. Kupanga uzazi, basi, hakukuletwa na kliniki. Wamisionari Wamoravian na Walutheri wa Berlin, waliofika wote mwaka 1891, walikuta jamii ambayo tayari ilikuwa na maoni juu ya nani azae na wakati gani.

Kwa Mkatoliki, waraka wa Papa Paulo wa Sita wa 25 Julai 1968, Humanae Vitae, unakataa kila njia ya bandia ya kuzuia mimba, iwe kabla ya tendo, wakati wake au baada yake. Makanisa ya Kiprotestanti kwa jumla huwaachia wanandoa uamuzi. Wanazuoni wengi wa Kiislamu huruhusu kuzuia mimba kwa kulinganisha na azl, yaani kumwaga nje, ambayo masahaba waliitumia.

Hapa ndipo P2 huchanganya watu, kwa kuwa mara nyingi husemwa kuwa ni kutoa mimba. Kwa kweli hufanya kazi hasa kwa kuchelewesha yai lisitoke, na mimba ikishatunga haiiondoi. Mkatoliki bado ana sababu ya kuikataa, lakini sababu hiyo ni ile ile ya kukataa kidonge cha kila siku, wala si ya kuua.

Je, kusahau kwenyewe ni kosa? Mafundisho ya Kikatoliki yanadai ujuzi kamili na ridhaa ili dhambi iwe ya mauti, na Uislamu husamehe kusahau. Aristotle alikuwa mkali zaidi: anayekosa kwa uzembe hulaumiwa, kwa sababu uangalifu ulikuwa ndani ya uwezo wake. Kipimo hicho kina haki, mradi kwanza iulizwe uwezo ulikuwa wa nani. Mwanamke anayewahi kuchuma chai alfajiri, au anayeficha pakiti chini ya nguo sandukuni ili mume asiione, hana uwezo sawa na wa yule anayeiweka mezani. Aliyemlazimisha kuficha ana sehemu yake katika usahaulifu huo.

Sehemu hiyo huonekana wazi zaidi katika zile siku 7. Kabla ya hapo kinga ilikuwa mikononi mwa mke peke yake. Sasa inategemea kondomu au kujizuia, na vyote viwili vinahitaji ridhaa ya mume. Hata njia ya kuhesabu siku, ambayo Kanisa Katoliki huikubali, haifanyi kazi bila yeye. Mume aliyeambiwa na akakataa kondomu na kujizuia hawezi tena kudai kwamba mimba ilitokana na usahaulifu wa mkewe.