Pesa Imetoka kwa Nani?

Wapo watu duniani wanaoishi kwa kucheza poka, na mjadala wa haki hauna budi kuanza kwa kulikubali hilo. Mwaka 2003 Chris Moneymaker, mhasibu wa Tennessee nchini Marekani, alishinda mchuano mdogo wa intaneti ambao kiingilio chake hakikufika dola mia moja, akapata nafasi katika mashindano makuu ya Las Vegas na kutoka huko na dola milioni 2.5. Hakuwa mchezaji wa kulipwa. Baada yake vijana wengi wa Marekani na Ulaya waliacha vyuo na ofisi wakakesha mbele ya kompyuta, na wachache kati yao wamelipia nyumba na karo za watoto kwa karata hadi leo.

Ndoto hiyo iliingia miji yetu ya Thika na Ruiru, Kenya, kwa mlango mwingine. Ukiwasikia vijana wa Makongeni wakisema wanacheza poka, mara nyingi ni ule mchezo wa kumaliza karata mkononi, ambao mtu hutangaza "niko kadi" kabla ya kutupa ya mwisho. Ni wa kupitisha jioni, hakuna anayeutegemea kwa kodi ya nyumba. Meza za poka ya pesa ziko kasino za Nairobi. Huku, nafasi yake imechukuliwa na mkeka: mtu anachagua mechi kwenye simu, anatabiri, anaweka dau kwa M-Pesa, anasubiri. Kampuni ya kubeti ya SportPesa ilianza mwaka 2014. Mei 2017 Samuel Abisai alipatia mechi zote 17 za jakipoti akalipwa shilingi 221,301,602, na picha ya hundi yake ikawa hoja isiyojibika katika kila kibanda cha chai.

Kijana aliyemaliza kidato cha nne, akakaa mtaa wa Kiandutu au Kihunguro bila ajira, husema waziwazi kwamba kubeti ndiyo kazi yake. Anaamka mapema, anasoma takwimu za timu, anajua nani ameumia na kocha gani yuko mbioni kufukuzwa. Wazee humcheka. Mimi sioni la kucheka. Anadai jambo zito: kwamba ana bidii, ana ujuzi, na kwamba bidii na ujuzi ndivyo vinavyoifanya shughuli iwe kazi. Ikiwa hoja hiyo inamfaa daktari wa Hospitali ya Thika Level 5 na fundi wa cherehani wa soko la Jamhuri, kwa nini isimfae yeye?

Tuipime kwanza kwa mcheza poka, kwa sababu kwake ina nguvu zaidi. Kwenye poka hushindani na kasino yenyewe. Unashindana na wenzako mlioketi nao, na kasino hukata ada yake katika kila fungu la dau, ashinde nani asishinde nani. Bahati hugawa karata, lakini mchezaji ndiye anayeamua aingie lini, aongeze kiasi gani, ajitoe lini. Katika karata 52, nafasi ya kupewa ree mbili ni mara moja katika migawo 221. Kwa hiyo hodari hukaa. Hutupa karata, hutupa tena, saa nzima, akiwatazama wengine wakiingia kwa uchu au kwa uchovu. Siku akipewa ree mbili, mpinzani akiwa na wafalme wawili, na pesa yote imeshawekwa kabla ya karata za mezani kufunuliwa, atashinda takriban mara nne katika tano. Mara ya tano atapoteza kila kitu, na hatakuwa amekosea chochote.

Maisha yake yote yamo katika hiyo mara ya tano. Fundi akishona shati vibaya, ataliona jioni hiyohiyo, na mteja atamwambia. Mcheza poka anaweza kucheza vizuri mwezi mzima na kurudi nyumbani na deni, huku jirani yake mezani akicheza ovyo na kununua gari. Ujuzi wake ni wa kweli, ila huchukua makumi ya maelfu ya migawo kujitokeza, na meza ya kasino hugawa karata kama mara thelathini tu kwa saa. Hivyo anaishi muda mrefu bila uhakika kwamba anachofanya ni sahihi. Kwetu sisi wengine pesa, hata ikiwa kidogo, hujibu kazi. Kwake pesa ya leo haimwambii kitu. Akishinda asifurahi sana, akishindwa asihuzunike sana, na mtu wa kuhimili hayo mwaka baada ya mwaka ni adimu, kwa sababu ni lazima azoee kuona shilingi elfu kumi zikiondoka bila kuumia, halafu atoke nje akanunue unga kwa bei ileile tunayonunua wote. Anahitaji akiba ya dau iliyo mbali kabisa na pesa ya kodi na ya shule, iwe kubwa mara nyingi kuliko anachoweka mezani kwa siku moja. Siku atakapoigusa kumlipia mtoto hospitali, ameipunguza karakana yake. Hana hati ya mshahara ya kupeleka benki. Saa zake za kazi ni zile ambazo mke na watoto wamelala, maana wachezaji dhaifu huja usiku, na Ijumaa, na mwisho wa mwezi.

Hayo ndiyo maisha ya aliyefaulu. Walio wengi hawafaulu, na hesabu inaeleza kwa nini. Katika meza moja, jumla ya kilichopatikana na jumla ya kilichopotezwa ni sawasawa, ukiondoa ada ya kasino. Ili mmoja apate mshahara wa mwezi, wengine kadhaa lazima walipe mshahara huo pamoja na ada. Hakuna bidii inayoweza kulibadili hilo. Wote wakisoma vitabu vyote na kuwa hodari sawa, kitakachobaki ni ada.

Mwaka 1654 Blaise Pascal na Pierre de Fermat waliandikiana barua juu ya swali la wacheza kamari: mchezo ukikatizwa kabla haujaisha, dau ligawanywe vipi? Wafikirie wawili waliokuwa wakicheza kibarazani, mvua ikawatawanya. Jibu la Wafaransa hao lilikuwa kwamba kila mmoja achukue kwa kadiri ya nafasi aliyobaki nayo ya kushinda. Kutoka hapo ilikua hesabu ya uwezekano, inayoendesha bima na sayansi ya leo. Linalonigusa ni kwamba walichokuwa wakitafuta ni haki, yaani kila mtu apate kilicho chake. Na hesabu hiyohiyo ndiyo inayotumiwa leo kupanga odi, yaani malipo ya kila mkeka, ila kwa kuacha pengo dogo upande wa kampuni.

Pengo hilo ni dogo kwa macho tu. Tuchukue kampuni inayojiwekea shilingi 5 katika kila 100 ya kila mechi. Kijana wetu anaunganisha mechi kumi ili malipo yapande. Kila mechi inakata sehemu yake ya kilichobaki, na zikifika kumi, thamani ya kihesabu ya mia yake ni karibu shilingi 60. Kisha kuna ushuru. Sheria ya Fedha ya 2023 iliupandisha hadi asilimia 12.5 ya dau, mwishoni mwa 2024 ukafika 15, na mwaka 2025 ukashushwa hadi 5 na kuhamishiwa kwenye pesa anayoingiza mtu katika akaunti yake ya kubeti. Chini ya ile 12.5, sitini zilikuwa zimebaki hamsini na mbili hivi. Ili tu arudishe mia yake, mikeka ya kijana ilipaswa kushinda karibu mara mbili ya inavyotarajiwa kwa hesabu. Kuhusu jakipoti ya mechi 17, kuna njia zaidi ya milioni 129 za kuijaza. Na akitokea mtu anayejua soka kiasi cha kuwashinda wapanga odi, kampuni nyingi duniani humpunguzia kiwango cha dau au humfungia akaunti. Meza ya poka humvumilia hodari. Mkeka haumvumilii. Kile kindege cha Aviator kinachopaa kwenye simu hakina hata takwimu za kusoma, programu ndiyo inayoamua kitoweke lini.

Kwa hiyo zile sifa zinazomfanya mcheza poka wa kulipwa, yaani akiba kubwa, subira, moyo usiotetemeka, na faida ndogo inayorudiwa mara nyingi mno, Thika zipo kwa mmoja tu, naye ni kampuni. Kijana anayesema kubeti ni kazi yake hajakosea kwamba kazi hiyo ipo. Amekosea juu ya nani ameajiriwa. Wakazi wa Ruiru wanaopata mkate wa kweli kutokana na mikeka ni tipsta anayeuza utabiri, wakala wa M-Pesa, na mwenye duka la kubeti, na hakuna kati yao anayejali mechi yoyote itaisha vipi.

Kuna pingamizi ninayoiheshimu. Mtu atasema: maisha yote ni bahati, mbona mnamwandama mcheza kamari peke yake? Na Ruiru ndiko mahali pa kuuliza swali hilo, maana mji huu umejengwa juu ya kahawa, zao ambalo bei yake huamuliwa ng'ambo. Julai 1975 baridi kali iliangamiza mibuni ya Brazil, na bei ikapanda duniani hivi kwamba wakulima wa Kenya walijenga nyumba za mawe kwa msiba wa watu wasiowajua. Hawakuwa na ujuzi wowote juu ya baridi ya Paraná, huko Brazil. Leo mashamba makubwa ya kahawa yamegeuka mitaa, Tatu City ikiwemo, na aliyenunua ploti mapema kando ya barabara kuu ya Thika ametajirika bila kutoa jasho la kutajwa. Sensa ya 2019 iliupa mji wa Ruiru watu 490,120, karibu mara mbili ya Thika yenye 251,407. Nani alijua?

Nakubali. Bahati iko kila mahali, na anayedai kwamba kila shilingi yake ameistahili kwa bidii hajajichunguza. Lakini yako mengine yaliyofanyika hapohapo Ruiru. Chulebuni, ugonjwa unaoozesha tunda la kahawa, ulionekana Kenya kwa mara ya kwanza mwaka 1922 na kuwatia umaskini wakulima kwa miongo. Watafiti wa kituo cha kahawa cha Ruiru walichanganya mbegu kwa miaka mingi, na mwaka 1985 wakatoa Ruiru 11, aina inayostahimili chulebuni na kutu ya majani. Mkulima bado anaitegemea mvua na bei ya Brazil. Ila kuna hatari moja iliyopunguzwa kwa wote, na aliyeipanda hakuichukua kutoka mfukoni mwa jirani. Huko nako ni kuishi na bahati. Tofauti yake na kuishi kwa bahati ni kwamba mwisho wa msimu kuna gunia la kahawa ambalo halikuwepo.

Aristotle, katika kitabu chake cha maadili, aliwaweka wacheza kamari pamoja na wanyang'anyi, kwa sababu wanajipatia faida kutoka kwa marafiki zao, watu waliostahili kupewa. Sura ya Al-Maida katika Kurani, aya ya 90 na 91, inaikataza kamari na kusema kuwa shetani hutaka kuitumia kutia uadui kati ya watu. Vyanzo hivi viwili viko mbali, na vyote viwili vinatazama uhusiano wa walioketi pamoja kuliko utajiri au umaskini wa mmoja wao. Hapo ndipo swali la kazi linapojibika, kwa maoni yangu. Bidii ni sehemu tu. Hata mwizi ana bidii. Ujuzi nao ni sehemu tu. Tuulize pia pesa imetoka kwa nani, na aliyeitoa amebaki na nini mkononi.

Mtetezi wa poka atajibu kwamba aliyepoteza amenunua burudani, kama anayelipa kiingilio cha mpira. Mara nyingine ni kweli. Tajiri anayeacha mezani pesa asiyoihitaji, akacheka na kwenda zake, hajadhulumiwa. Lakini mcheza poka wa kulipwa hawezi kuishi kwa tajiri huyo peke yake. Anamhitaji asiyejua kwamba hajui, asiyeweza kuinuka, aliyekuja kurudisha ya jana. Wachezaji wa Marekani humwita mtu huyo samaki, na sehemu kubwa ya weledi wao ni kuchagua meza aliyoketi. Riziki inayomtaka mwenzako aendelee kuwa dhaifu ina kasoro ambayo ustadi hauwezi kuifuta. Huku kwetu samaki ni mwanabodaboda wa stendi, kibarua wa shamba la mananasi, mwanafunzi aliyebeti karo, na dau la mwisho huenda limetoka kwenye mkopo wa Fuliza. Tunamjua kwa jina.

Hukumu yangu basi ni hii. Poka inaweza kuwa ufundi, na kwa wachache ni kipato. Haiwezi kuwa kazi ya mtaa, kwa sababu mtaa mzima hauwezi kula kutoka mfukoni mwake. Mkeka hata ufundi huo hauna. Anayesema ndiyo ajira yake nisingemhubiria. Ningemwomba apige *334#, achukue taarifa yake ya M-Pesa ya mwaka mzima, ajumlishe zilizokwenda kwa kampuni, ajumlishe zilizorudi, kisha amwonyeshe karatasi hiyo mtu anayekula naye.