Nyangumi wa Kuchezea na Hukumu Yake

Bismillahir Rahmanir Rahim. Amma baadu.

Ndugu yetu mmoja wa darasa ametuuliza suali ambalo baadhi ya waliohudhuria walilicheka, na halikustahili kuchekwa. Asema: mtu mzima, mwenye mke na watoto, hukusanya sanamu ndogo za wanyama wa bahari, khasa nyangumi na pomboo, zilizobuniwa na makampuni ya Ulaya, Marekani na Japani. Huziagiza kwa bei kubwa kwa sababu ni adimu, kisha akazipanga ndani ya kabati la vioo. Je, yafaa?

Tuanze na asili ya jambo. Imepokewa na Abu Daudi kuwa Bwana Mtume (s.a.w.) aliporejea safarini, upepo ulifunua pazia, akawaona wanasesere wa Bibi Aisha (r.a.), na kati yao farasi mwenye mbawa mbili za vitambaa. Alipouliza, Bibi Aisha alimjibu kwa kumtajia farasi wa Nabii Suleimani. Naye akacheka hata magego yake yakaonekana. Kwa hadithi hii na nyinginezo, wanavyuoni wengi wamevitoa vitu vya kuchezea watoto katika makatazo ya sanamu za wenye roho. Basi nyangumi wa plastiki mkononi mwa mtoto hana ubaya.

Bali mimi naona ana faida. Mvuvi wetu aliyezeekea baharini huuona mgongo wa nyangumi na mvuke wa pumzi yake, kisha mnyama amezama; umbo lake zima ni wachache waliolishuhudia. Na wanyama hawa si wageni kwetu: nyangumi wenye nundu hutoka bahari ya barafu ya kusini kuja kuzaa katika maji ya joto, wakapita mbele ya Watamu baina ya Julai na Oktoba, na pomboo wako Kisite mwaka mzima. Mtoto aishikapo sanamu ataona kuwa mkia wa nyangumi umelala, ilhali mkia wa samaki umesimama; hapo mfunze kuwa huyu si samaki, hupumua hewa na kunyonyesha. Akimshika yule mwenye kichwa kama kasha, mwambie huyu ndiye atokaye ambari. Na kwa jina hilo hilo la anbar aliitwa samaki mkubwa ambaye bahari ilimtupa ufukoni mbele ya jeshi la Abu Ubaida (r.a.), watu mia tatu wenye njaa, wakamla siku nyingi, na mbavu zake mbili ziliposimamishwa, ngamia alipita chini yake. (Lakini umweleze na kipimo. Katika sanamu hizi nyangumi wa buluu na pomboo huweza kuwa sawa mkononi, na mmoja hufika karibu mita 30, mwingine mita mbili au tatu.)

Haya yote ni ya sanamu inayoshikwa, na ndugu yetu ameuliza juu ya isiyoshikwa. Desturi ya wakusanyaji ni kuwa kiwanda kikiacha kufanya sanamu fulani, bei yake hupanda, na iliyomo bado katika kijisanduku chake hushinda iliyofunguliwa. Kwa hivyo mtoto akiigusa, thamani imeshuka. Na mwenye nyumba humkaripia mwanawe kwa kugusa kitu cha watoto! Ruhusa ilitolewa kwa ajili ya mchezo na mafunzo. Sanamu iliyofungiwa asiiguse mtu imeiacha sababu ya ruhusa, ikarudi katika yale waliyoyakaza wanavyuoni, wa madhehebu yetu ya Shafi wakiwamo, juu ya umbo kamili la mwenye roho lililowekwa kutazamwa. Simtuhumu mtu shirki. Hapana amwabuduye pomboo. Nasema tu kuwa hoja ya wanasesere wa Bibi Aisha haimfai tena.

Na uadimu huu ni wa nini? Ni wa kiwanda. Pomboo wa mto Yangtze, huko China, alitafutwa na wataalamu mwaka 2006 asionekane hata mmoja. Huo ndio uadimu wa kusikitikiwa, na haununuliki.

Kuna na mlango mwingine wa kuhadhari. Mwaka 1999 kampuni ya Furuta ya Japani ilianza kuuza mayai ya chokoleti yenye sanamu za wanyama za Kaiyodo ndani yake, na watu wazima wakayanunua kwa kumtafuta mnyama wasiyemjua mpaka yai livunjwe. Anayenunua kwa ajili ya kilichofichwa ameingia katika gharar, akaisogelea kamari.

Huenda akasema: "Si israfu, ni akiba, nitaziuza bei ikipanda." Ikiwa hiyo ndiyo nia aliyonunulia, zimekuwa mali ya biashara. Mwaka ukitimia na thamani yake imefika nisabu, atoe zaka, mbili na nusu kwa mia, kwa bei ya soko ya siku hiyo, si bei aliyonunulia. Na aliyezinunua kwa kuzipenda tu hana zaka juu yake, lakini hana pia udhuru wa akiba: mkewe akidai masurufu, au karo ya wanawe ikichelewa, aanze kuuza ile iliyo ghali kuliko zote.

Wallahu aalam.