Mpira Mmoja, Mashine Mbili

Saa za jioni, wanafunzi wakishatoka shule, kibanda cha PlayStation katika mji kama Rongai, katika Kaunti ya Nakuru, Kenya, hakikosi watu mlangoni. Ndani mna runinga, mashine, padi mbili na benchi. Karibu kila anayeingia anataka mpira: FIFA, ambayo tangu 2023 inauzwa kwa jina la EA Sports FC, ingawa vijana wengi wameng'ang'ania jina la zamani. Mechi inalipiwa shilingi chache, inaisha baada ya dakika kadhaa, na mara nyingi aliyefungwa humpisha anayengoja.

Upo mchezo mwingine wa mpira ambao ni nadra kuukuta hapo. Football Manager ilitokana na Championship Manager, mchezo uliotolewa mwaka 1992 na ndugu wawili Waingereza, Paul na Oliver Collyer. Anayeucheza haugusi mpira. Anasajili wachezaji, anapanga kikosi, anapima nani amechoka na nani mkataba wake unakaribia kuisha, kisha anakaa kutazama mechi ikizaa matunda ya maamuzi yake, matamu au machungu. Msimu mmoja unaweza kumlia siku nzima na usiku wake. Mchezo huu ulizaliwa kwenye kompyuta na makao yake makuu yamebaki huko.

Mpira ni ule ule, wachezaji kumi na mmoja kwa kumi na mmoja. Kwa nini basi mashine zimeugawana hivi?

Jibu la kwanza limo mkononi. Kijiti cha padi husema mwelekeo: kushoto, kulia, kasi zaidi, polepole. Kinafaa palipo na mwili mmoja unaokimbia, unaoruka au unaopiga ngumi. Kipanya cha kompyuta husema mahali: hiki, si kile. Kinafaa palipo na vitu mia kwenye kioo na lazima kimoja kichaguliwe. Ndiyo maana michezo ya kujenga dola na kuongoza majeshi, kama Civilization ya 1991, Age of Empires ya 1997 na StarCraft ya 1998, ilianzia kwenye kompyuta. StarCraft ilipohamishiwa Nintendo 64 mwaka 2000, kuamuru kikosi kizima kwa kijiti kulikuwa kazi nzito, na mchezo huo haukuota mizizi huko.

Lakini nyuma ya suala hili la mkono limejificha swali la zamani zaidi: mtu anatenda kwa hiari yake wakati gani, na anachagua wakati gani? Aristotle, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, aliyatenganisha mambo hayo mawili. Kwake, tendo la ghafla linaweza kuwa la hiari bila kuwa la kuchagua, kwa sababu uchaguzi unahitaji kutafakari kwanza. Mtoto ana hiari, hata mnyama anayo, lakini uchaguzi ni wa yule aliyepima. Tukiufuata mstari huo, benchi la kibanda ni mahali pa hiari, na kiti cha mbele ya kompyuta ni mahali pa uchaguzi. Wazazi wengi wangekubali upesi: yule anabonyeza tu, huyu anafikiri.

Hukumu hiyo ni ya haraka mno, na Aristotle mwenyewe anaipinga. Alipozungumzia ushujaa alisema kwamba anayesimama imara katika hatari ya ghafla anaonyesha tabia yake kuliko aliyepata muda wa kujiandaa, maana hakuna hesabu iliyomsaidia. Kilichotenda ni kile alichokwisha kuwa. Mtazame Sylvia Gathoni, Mkenya anayejulikana kwa jina la QueenArrow, ambaye mwaka 2018 alisajiliwa na timu ya kimataifa ya UYU kucheza Tekken, mchezo wa kupigana. Katika mchezo huo picha sitini hupita kila sekunde, na ngumi za haraka kabisa hufika baada ya picha kumi, yaani sehemu ya sita ya sekunde. Katika muda huo hakuna anayeketi kutafakari. Hata hivyo si bahati. Tafakuri ilifanyika mapema, katika mazoezi, ikarudiwa mpaka ikahamia vidoleni. Uchaguzi wake upo. Umetangulia tu.

Padi huleta mtihani mwingine pia. Michezo ya kulenga na kupiga risasi ilikuwa ngome ya kompyuta, kwa sababu kipanya hulenga kwa usahihi. Halo ilipotoka mwaka 2001 kwenye Xbox, ilifanya jambo la werevu: kilengeo kikikaribia adui, mashine inakipunguzia kasi na kukisaidia kutulia. Msaada huo upo leo katika michezo mingi ya padi, na wenye padi wanapokutana na wenye kipanya katika Fortnite, ugomvi hauishi. Nani aliyelenga, kidole au programu? Swali ni zito kuliko linavyoonekana, kwani wanaolibishania wanataka kujua kama ushindi ni wao kweli. Mtu hujivunia kile tu anachoweza kukiita tendo lake.

Sasa turudi Rongai, maana huko swali la uchaguzi linapata sura ambayo Aristotle hakuijadili. Kijana wa benchini hakuwekewa FIFA na Football Manager mbele yake akaambiwa achague. Mashine ni ya kushirikiana na inalipiwa kwa mechi, kwa hiyo mchezo unaoisha upesi ndio unaomlipa mwenye kibanda. Kompyuta zipo pia mtaani, kwenye saiba, lakini huko watu wanaenda kutafuta PIN ya kodi ya KRA, kujaza fomu za mkopo wa masomo wa HELB au kuingia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, na dakika zinahesabiwa. Aina ya mchezo imeamuliwa na saa ya malipo kabla mkono haujagusa chochote. Hilo linasikitisha. Si kwamba mpira wa padi ni mchezo duni. Tatizo ni kwamba nusu ya raha ya akili imefungiwa nje bila mtu yeyote kuamua kuifunga.

Wala isisemwe kwamba michezo ya subira haina wapenzi hapa. Wamaasai waliolisha mifugo katika Bonde la Ufa kabla ya walowezi wana enkeshui, Wakikuyu wana giuthi, na pwani kuna bao lenye mashimo 32 na kete 64, ambapo mchezaji hodari huona mbali kabla ya kunyanyua kete ya kwanza. Waendesha boda boda wakingoja abiria hucheza drafti kwa vizibo vya soda. Michezo yote hiyo hupima uchaguzi uliotafakariwa, na yote huchezwa macho kwa macho, watazamaji wakishauri bila kuombwa. Upweke haukuwa sharti la kufikiri. Uliletwa na kompyuta ya mezani, yenye kiti kimoja na kipanya kimoja.

Na hata huko kiti kinaweza kuongezwa. Battle for Wesnoth, mchezo wa vita wa zamu kwa zamu ulioanza mwaka 2003, hupatikana bure, huhitaji kompyuta ya kawaida tu, na huruhusu wachezaji kadhaa kupokezana kipanya kwenye mashine moja. Freeciv, ya tangu 1996, nayo ni ya bure. Kompyuta kuukuu ya saiba, ikihamishiwa kibandani, ingetosha. Ugumu ni wa mwenye kibanda: pambano moja linaweza kuchukua saa nzima au zaidi, na katika muda huo benchi lake la FIFA lingekuwa limeshapokea mechi kadhaa. Labda angetoza kwa zamu badala ya kwa mechi, au angetenga asubuhi za Jumamosi, wateja wakiwa wachache, aone nani atabaki amekaa.