Datsun ya Kale na Gia Inayogoma

Datsun 240Z ni gari la spoti la viti viwili, pua ndefu, na injini ya silinda sita zilizojipanga mstari mmoja, zenye ujazo wa cc 2,393. Lilitoka Japani mwaka 1969 kwa jina la Fairlady Z. Yutaka Katayama, aliyesimamia biashara ya Nissan nchini Marekani, aliona jina hilo halifai kwa gari la mbio, akaamua liuzwe huko kwa namba na herufi tu. Bei yake ya kuanzia ilikuwa dola 3,526, na kwa fedha hiyo kijana mwenye mshahara wa kawaida alipata gari lililokimbia sambamba na magari ya Ulaya yaliyouzwa ghali zaidi.

Afrika Mashariki inalijua kwa vumbi na tope. Mwaka 1971 Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda mbio za magari za East African Safari wakiwa na 240Z, na nafasi ya pili ikaenda kwa Shekhar Mehta, mzaliwa wa Kampala, naye katika gari la aina hiyo hiyo. Miaka miwili baadaye Mehta na Lofty Drews walishinda wenyewe, baada ya kufungana pointi za adhabu na Harry Källström aliyeendesha Datsun nyingine. Mtu aliyesimama kando ya barabara enzi hizo, au aliyesimuliwa na baba yake, huwa na sababu ya kulitamani gari hili isiyohusiana na bei yake sokoni. Sababu hiyo ni njema. Lakini tamaa ya namna hiyo hufumba macho, na kosa la kwanza la mnunuzi mgeni hutokea hapo: anasikiliza mlio wa injini kabla ya kukagua bodi.

Injini ya 240Z ni ngumu na inatengenezeka. Bodi ndiyo inayokufa. Kutu hujificha chini ya trei ya betri, kwenye sakafu chini ya mazulia, katika reli za chasisi zilizochomelewa chini ya sakafu hiyo, na kwenye kona za chini nyuma ya milango. Rangi mpya inayong'aa si ushahidi wa uzima. Mara nyingine ni pazia. Muuzaji mwaminifu hatakataa mazulia yafunuliwe, na anayekataa amekwisha kujibu swali. Gari lenye bodi nzima na gia zinazosumbua ni ununuzi bora kuliko lenye gia laini na sakafu inayobonyea kwa kidole, kwa kuwa gia zina dawa, na mara nyingi dawa yenyewe ni ndogo kuliko mnunuzi anavyohofia.

Malalamiko ya gia yanafanana: rivasi inakwaruza, gia ya kwanza inagoma gari likiwa limesimama, gia ya pili inalia wakati wa kushuka kutoka ya tatu, mkono wa gia unacheza kama kijiko kwenye kikombe kitupu. Wengi wakisikia hayo hutamka neno giaboksi, na fundi mwenye haraka huishusha siku hiyo hiyo. Ni pupa inayogharimu. Kati ya mguu wa dereva na meno ya gia kuna safari ndefu ya vyuma, mipira na mafuta, na chochote katika safari hiyo chaweza kuwa ndicho kilichochoka.

Jaribio la kwanza halihitaji hata spana. Injini ikiwa imezimwa, gia zote zipitishwe moja moja. Zikiingia bila shida, kisha injini ikiwashwa zikagoma, tatizo liko kwenye klachi: haiachii kikamilifu, na shafti ya giaboksi inaendelea kuzunguka wakati inapaswa kutulia. Rivasi inathibitisha zaidi, kwa kuwa haina sinkronaiza, yaani ile pete ya shaba inayosawazisha kasi za gia kabla ya meno kushikana. Klachi ikanyagwe hadi chini, dereva angoje sekunde kadhaa, ndipo aingize rivasi. Ikikwaruza bado, giaboksi isiguswe kwanza.

Klachi ya 240Z huendeshwa kwa mafuta ya breki. Pedali husukuma silinda ya juu iliyo kwenye ukuta wa injini. Mafuta hupita kwenye bomba na mpira mfupi hadi silinda ya chini iliyofungwa ubavuni mwa giaboksi. Silinda hiyo husukuma uma wa klachi. Hapa ndipo inapofaa kuinua gari, kuliweka juu ya stendi imara, na kuita mtu wa pili. Mmoja anakanyaga pedali polepole. Mwingine, amelala chini na tochi, anatazama kijiti cha silinda ya chini. Kikisogea karibu sentimita moja na nusu, mfumo wa mafuta unafanya kazi yake. Kikisogea nusu ya hapo, kuna kinachoiba mwendo. Kifuniko cha mpira kwenye mdomo wa silinda kinabanduliwa kwa kidole, na mara nyingi kidole kinarudi kimelowa mafuta meusi: mipira ya ndani imekwisha. Wakati mwingine mwizi ni ule mpira mfupi wa bomba, uliozeeka hadi unavimba kila pedali inapokanyagwa, au ni pini ya pedali iliyolika ikaacha tundu lenye umbo la yai. Gari lililokaa gerejini miaka kumi huwa na haya yote kwa pamoja. Silinda mbili mpya, mpira mpya, mafuta safi, kisha kutoa upepo kwa subira hadi mapovu yaishe. Magari mengi huponea hapo, na mwenyewe hujuta kwa usiku aliokosa usingizi akiwaza bei ya giaboksi.

Kuna mtego mmoja ambao wamiliki wa magari ya Z wanaujua sana. Beringi ya klachi hukaa juu ya kola, na kola hizo zina urefu tofauti kulingana na presha pleti iliyokusudiwa. Modeli zilizofuata, 260Z na 280Z, ziliongeza aina nyingine, na vipuri hivyo huingia katika gari lolote kati ya hayo bila kulalamika. Mtu akiweka presha pleti ya aina moja na kola ya aina nyingine, kila kitu kitafungika vizuri ila klachi haitaachia hata silinda zikiwa mpya. Aliyebadilisha klachi bila kulinganisha vipimo huwa amekwisha kulipwa na kuondoka, na anayeteseka ni mnunuzi anayefuata. Kwa hiyo risiti za matengenezo ya zamani zina thamani kubwa kuliko hadithi za muuzaji.

Mkono wa gia unaocheza ni jambo jepesi: bushi zake za plastiki zimesagika, na mpya huwekwa bila kushusha chochote. Mafuta ya giaboksi nayo yaangaliwe mapema. Mafuta yenye alama ya GL-5, yanayofaa kwenye difu, yana viungo vya salfa vinavyoweza kuidhuru shaba, na utelezi wake huzifanya pete za sinkronaiza zishindwe kushika. GL-4 ndiyo inayotakiwa. Kumwaga mafuta na kuweka yanayostahili ni kazi ya saa moja, na imewahi kunyamazisha gia ya pili iliyohukumiwa kung'olewa.

Kama baada ya yote hayo gia ya pili bado inalia, kuna jaribio la mwisho ambalo madereva wa malori ya zamani walilifanya kila siku. Klachi inakanyagwa, gia inatolewa hadi nyutro, klachi inaachiwa, mafuta yanaguswa kidogo injini ipande, klachi inakanyagwa tena na gia ya chini inaingizwa. Ikiingia laini kama kisu kwenye siagi, klachi ni nzima na pete ya shaba ndiyo iliyolika. Sasa giaboksi inayo haki ya kushushwa, na ikishafunguliwa si busara kubadilisha pete moja tu. Beringi na sili zinabadilishwa kwa pamoja. Asiye na fedha hizo mwaka huu anaweza kuendelea kukanyaga klachi mara mbili kila anaposhuka gia ya pili, asubuhi mafuta yakiwa bado mazito na jioni yakiwa mepesi. Wapo wamiliki waliofanya hivyo kwa miaka, na magari yao bado yanatembea.