Je, Injili Yaweza Kusomwa Peke Yake?

Mara nyingi mkatekumeni huuliza: ikiwa Yezu Kristu amekwisha kuja, ya nini kusumbuka na vitabu vya Musa, vya manabii na vya Zaburi? Jua likipanda, nani aitazamaye tena taa ya usiku? Swali hili si la kipumbavu. Vitabu hivyo ni virefu, vina majina magumu, vita na sheria za vyakula. Na mtu ashikaye jembe tangu alfajiri hana muda mwingi wa kusoma. Hata hivyo, asomaye Injili peke yake afanana na mtu afikaye barazani wakati mzee anapokata shauri: husikia hukumu, wala hajui watu waligombania nini.

Na itazamwe saa ya kufa kwake Bwana. Mtakatifu Mateo aandika ya kuwa Yezu alilia msalabani kwa sauti kuu, akimwuliza Mungu wake sababu ya kumwacha. Wengine waliosimama pale walidhani anamwita nabii Eliya. Sauti waliisikia, lakini maana iliwapita. Naye msomaji asiyejua Zaburi hupotea kwa njia nyingine: hudhani ya kuwa Mwana wa Mungu alikata tamaa. Kumbe maneno yale ndiyo mwanzo wa Zaburi ya 22, iliyohesabiwa ya 21 katika Biblia ya Kilatini. Asaliye katika Zaburi ile ni mtu anayedhihakiwa, na adui zake wanagawana nguo zake kwa kura, kama askari walivyofanya chini ya msalaba. Lakini Zaburi haiishii katika machozi. Sehemu yake ya mwisho ni sifa: yule aliyelia amshukuru Mungu katikati ya ndugu zake, na mataifa yote yamrudia Bwana. Je, maumivu ya Yezu yalikuwa basi ya kuonyesha tu? Hasha! Aliumia kweli. Ila aliumia akisali, tena kwa sala ya taifa lake.

Hapo zamani alikuwako mtu jina lake Marcion, mwenye merikebu kutoka Ponto. Huyu alifundisha huko Roma ya kuwa Mungu wa Wayahudi ni mwingine, mkali, na Baba wa Yezu ni mwingine, mwema. Akatupa Agano la Kale lote, akabakiza Injili ya Luka na barua kumi za Paulo. Mnamo mwaka 144 Eklezia ya Roma ikamtenga. La ajabu ni hili: hata Luka mwenyewe hakuweza kumwacha mzima. Ilimpasa kuziondoa sura za mwanzo, pamoja na Zakaria na mzee Simeoni hekaluni, kwa maana zimejaa Maandiko ya kale.

Wako hata leo wasemao kama yeye, pasipo kujua jina lake: kale hasira, sasa mapendo. Na wafungue kitabu cha Walawi, sura ya 19. Amri ya kumpenda jirani kama nafsi imo humo, nako ndiko Yezu alikoichukua alipoulizwa amri iliyo kuu.

Tena liko jambo la haki. Maandiko hayo Wakristu waliyapokea mikononi mwa Wayahudi, nao Wayahudi wayasoma na kuyasali hata leo katika masinagogi yao. Kupokea kitabu na kumdharau aliyekitunza ni utovu wa shukrani. Kwa karne nyingi Wakristu wengi walikosa hapo, wakiwatwika Wayahudi wote damu ya Kristu. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, tarehe 28 Oktoba 1965, ulitangaza ya kuwa mateso ya Bwana hayawezi kuhesabiwa juu ya Wayahudi wote wa wakati ule bila tofauti, wala juu ya wale wa leo. Yezu mwenyewe, Mama yake na Mitume walikuwa Wayahudi. Jambo hili husahauliwa upesi mno.

Hata mambo madogo ya Injili hudai ujuzi huo. Siku ile ya Ijumaa wanawake wa Galilaya waliliona kaburi, wakaenda kutayarisha manukato. Kisha hawakurudi mpaka alfajiri ya siku ya kwanza ya juma. Asiyejua Sheria ya Musa huenda akawadhania wavivu au waoga. Luka aeleza kwa maneno machache: ilikuwa Sabato, nao walipumzika kama ilivyoamriwa.