Anayeuza Usiku Anamtafuta Nani?

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hii niliikariri tangu shule ya msingi, nikaiandikia insha, nikapata alama za kutosha. Leo nataka kugombana nayo kidogo, maana imenikosesha raha tangu mama yangu mkubwa anunue mashine ya kukanda magoti kutoka kwenye televisheni.

Hebu tuanzie hapa hapa nyumbani. Nzega ni njia panda. Barabara za Tabora, Shinyanga na Singida zinakutana kwetu, na kila basi linalopita lina mtu dirishani anayeuziwa kitu. Kabla ya lami na mabasi, nchi hii ya Unyamwezi ilipitwa na misafara ya pwani. Vichwani mwa wapagazi, wengi wao Wanyamwezi wenyewe, zilikuja merikani zilizofumwa huko Massachusetts, Marekani, kaniki za India, na shanga za Venice. Je, merikani ilikuwa nguo mbaya kwa kuwa ilijitembeza kutoka Bagamoyo? La hasha. Kitu kizuri kisicho na miguu hakifiki Nzega. Basi kosa, kama lipo, haliko kwenye kujitembeza. Tulitafute mahali pengine.

Biashara ya shanga ilikuwa elimu. Kila nchi ilikuwa na rangi yake na saizi yake, na mapenzi hayo yalibadilika kama fasheni za mjini. Mfanyabiashara asiyejua nani anapenda nini alibaki na mizigo isiyonunua hata kuku. Richard Burton, Mwingereza aliyefika Kazeh, yaani Tabora, mnamo Novemba 1857, aliandika kwamba ule ushanga mwekundu wa thamani ulikuwa na majina ya utani. Moja lilikuwa na maana ya kimaliza chakula, kwa kuwa mtu alikuwa tayari kutoa mlo wake ili aupate. Jingine lilikuwa na maana ya kivunja mji, eti kwa jinsi wanawake walivyoupenda. Tazama majina hayo yanavyombebesha mnunuzi lawama yote! Mji ukivunjika, mwenye kosa ni mwanamke mpenda shanga. Aliyeipima tamaa yake, akaibebea mzigo mpaka mlangoni kwake, hatajwi kabisa.

Sasa twende kwenye televisheni. Huko Marekani duka la hewani lilizaliwa kwa bahati. Mwaka 1977, katika kituo kimoja cha redio huko Clearwater, Florida, mteja wa matangazo alishindwa kulipa kwa fedha, akatoa opena za makopo 112. Mtangazaji akaziuza hewani, zikaisha. Mwaka 1982 wenye wazo hilo walilihamishia kwenye televisheni, na mwaka 1985 kituo chao, Home Shopping Network, kikaanza kuonekana nchi nzima. Mwaka uliofuata akaja mshindani wake, QVC. Hawa hawakuwa wakiuza kwa kila mtu. QVC wenyewe wameeleza katika taarifa zao kuwa mlengwa wao mkuu ni mwanamke wa miaka 35 hadi 64, na kwamba sehemu kubwa sana ya mauzo hutoka kwa watu waliokwisha kununua kwao kabla. Yaani hawawindi mpita njia. Wanamtafuta mtu wa nyumbani, atakayerudi kesho.

Kwetu Tanzania Bara televisheni ilianza mwaka 1994, lakini kwa muda mrefu iliweza kukuonyesha kitu tu bila kukuuzia. Pesa ingepitaje? M-Pesa ilipoingia mwaka 2008, na wenzake wakafuata, mlango ukafunguka. Unganisha televisheni, simu na buti la basi, duka zima limeingia sebuleni kwako. Hatuna vituo vikubwa vya namna ya QVC, lakini tunayo matangazo marefu ya usiku: mashine za mazoezi, masufuria, mafuta ya ngozi, dawa za maungo. Saa inahesabu kurudi nyuma. Bei inaishia na tisa. Mtu anapiga simu kushukuru, na dada wa studio anatabasamu, anasema, “Mama yangu, wewe unayeniangalia sasa hivi, najua hujalala kwa sababu ya hayo maumivu.”

Hujalala! Hapo ndipo nilipoelewa wanamtafuta nani. Tajiri hawamtafuti, yeye ataingia dukani na gari lake. Fukara wa mwisho naye hawamtaki, hana salio. Wanamtaka mwenye fedha kidogo ya uhakika, aliye mbali na duka la kushika na kujaribu, anayekesha, na zaidi ya yote, asiye na mtu pembeni wa kumwambia, “Subiri kwanza.”

Mama mkubwa ni huyo huyo. Ni mwalimu mstaafu, pensheni yake inaingia, watoto wako Mwanza na Dar, magoti yanamuuma. Alituma shilingi 99,000, mzigo ukaja kwa basi, mashine ikafanya kazi siku tisa. Ile namba ya simu mpaka leo haipokelewi. Mimi nikawaka. Nikamwambia, “Mama mkubwa, umepigwa changa la macho mchana kweupe.” Akanitazama kwa utulivu wa mtu aliyefundisha darasa la kwanza miaka mingi.

“Mwanangu,” akasema, “nilijua inaweza isifanye kazi. Lakini yule binti kila usiku ananisalimia. Ananiuliza magoti yanaendeleaje. Wewe umeniuliza lini?”

Nilikosa jibu. Nyumba ni moja. Chumba changu na sebule yake vinatenganishwa na ukuta wa tofali moja, na nyuma ya ukuta huo nilikuwa nakesha nikiandika riwaya kuhusu, msinicheke, upweke wa wanadamu.

Mwaka 1956 wataalamu wawili wa Marekani, Donald Horton na R. Richard Wohl, waliandika juu ya urafiki huu wa upande mmoja, ambapo mtazamaji anahisi anamfahamu mtu wa kwenye kioo, ilhali yule wa kwenye kioo hamfahamu. Sisemi urafiki huo ni haramu. Mgonjwa anayesikiliza redio usiku anapata faraja ya kweli. Wapo watakaosema: kama mama mkubwa alilipia salamu na akazipata, dhambi iko wapi? Hoja hiyo ina uzito, nami nimeilalia siku kadhaa.

Jibu langu ni hili. Sokoni Nzega muuza vitenge naye anamjua mteja wake. Anajua nani kalipwa pamba na nani ana harusi. Lakini na mteja anamjua yeye: anajua kibanda chake, anajua mke wake, kesho atarudi na kitenge kilichochuja rangi na kelele zitasikika mpaka stendi. Halafu mama hendi sokoni peke yake. Kuna shoga yake wa kuvuta kitambaa na kusema, “Hiki chepesi, twende zetu.” Kujuana kwa namna hiyo kuna pande mbili, na kuna mtu wa tatu. Yule wa usiku anakujua, wewe humjui, na tangazo lake limetengenezwa kwa saa ambayo mtu wa tatu amelala.

Basi kipimo changu cha biashara halali ni hicho: je, ingesimama kama mtu wa tatu angekuwepo? Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji, na ni vizuri ipo. Lakini sheria haiwezi kukaa kochi moja na mama mkubwa saa sita usiku. Aliyestahili kukaa pale ni mimi.

Kwa hiyo nagawa lawama, sitaki kufanya kama wale waliotunga jina la kivunja mji. Fungu kubwa ni la muuzaji aliyetafuta ufa kwa makusudi. Fungu lingine ni letu tulioacha ufa. Mama mkubwa ninampa dogo sana, na hata hilo nasitasita.

Siku hizi baada ya chakula nakaa naye sebuleni. Wakati mwingine tangazo linaanza, tunaliangalia wote, yeye anacheka kabla yangu. Riwaya inakwenda polepole. Nanyi wenzangu mnaoandika usiku, ukuta wa pili kuna nani, na mara ya mwisho mlimuuliza magoti yake lini?